Kila Mtu Aiweke kwa Mkono Wake

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili niseme neno juu ya Chama chetu cha Ufundi. Mkutano wa mwisho wa muhula uliopita uliisha kwa kelele, wala hatukukata shauri. Baadhi ya wenzetu walitoa rai kwamba kompyuta zote za chama ziwe za namna moja, na kwamba kazi ya kuweka programu ya Arduino apewe mwanafunzi mmoja anayeijua, awafanyie wengine wote. Mimi naipinga rai hiyo, sehemu zake zote mbili. Tena naipinga kwa haya kidogo, maana mwanafunzi huyo mmoja, mwaka jana, nilikuwa mimi.

Kwanza yanipasa niwaeleze wasomaji wasio wa chama, hasa wanafunzi wa zamani waliotoka hapa kabla mambo haya hayajafika. Arduino ni bodi ndogo inayoenea katika kiganja. Ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wapate chombo cha bei nafuu cha kujifunzia. Katika bodi tuliyo nayo, iitwayo Uno R3, mna maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyotiwa katika kijipande kimoja, yenye kilobaiti 32 tu za kuwekea maagizo. Bodi haina kioo wala kibodi. Kwa hiyo maagizo huandikwa katika kompyuta ya kawaida, yakageuzwa kuwa lugha ya bodi, kisha yakapelekwa kwa waya wa USB. Programu ya kufanyia kazi hiyo ndiyo Arduino IDE, nayo hupatikana bure. Asiyekuwa nayo ni kama mwandishi asiye na kalamu.

Chama kina kompyuta 11: sita za Windows, nne kuukuu zenye Linux, na moja ya Mac ambayo mwalimu wetu hutuazima. Mwaka jana kila aliyetaka programu alikuja kwangu, nami nilimwambia, "Niachie, urudi jioni." Jioni aliikuta tayari, akaniita fundi, nami nikafurahi. Basi siku chache kabla ya maonyesho nikalala kwa malaria. Nilirudi siku ya tisa, maonyesho yamekwisha. Vijana wa kidato cha kwanza walikuwa wametengeneza kipimo cha maji ya tangi, na nyaya zote zilikuwa zimeungwa sawasawa. Lakini kompyuta yao ilikufa, wakapewa nyingine isiyo na programu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuiweka. Siku ya maonyesho meza yao ilikuwa tupu. Mmoja wao aliniambia, "Kaka, tulikuwa tunakungoja wewe." Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, tuone kama kweli ni kubwa kiasi cha kuhitaji mtu maalumu.

Katika Windows, unalifungua faili la kuwekea programu, unakubali masharti, na ukiulizwa juu ya draiva unakubali pia. Bodi ikichomekwa, kompyuta huipa mlango wenye jina kama COM3 au COM4. Bodi nyingi za kuiga, ambazo ndizo rahisi sokoni, zina kijipande kiitwacho CH340, na hizo mara nyingi hutaka draiva yake iwekwe peke yake. Asiyejua hilo atasema bodi ni mbovu.

Katika Mac, unaiburuta programu na kuitia katika folda ya Applications, basi. Mlango wake utauona kwa jina linaloanza na /dev/cu.

Katika Linux, toleo jipya huja kama faili moja la AppImage. Hulifungui mpaka kwanza ulipe ruhusa ya kuendeshwa. Na hapo ndipo wengi hukata tamaa: programu inafunguka, bodi inaonekana kwa jina la /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0, lakini ukituma maagizo unaambiwa huna ruhusa. Sababu ni kwamba katika Ubuntu na jamaa zake, mlango huo ni wa watu wa kundi liitwalo dialout. Jiandikishe katika kundi hilo, toka katika akaunti yako, uingie tena, na mlango utafunguka. Tena katika Ubuntu 22.04 nilikuta ajabu nyingine. Mna programu iitwayo brltty, inayowasaidia vipofu kusoma kwa vidole. Hiyo huidhani bodi yenye CH340 kuwa chombo chake, ikaikamata. Nilisumbuka wiki nzima nikidhani bodi imekufa. Kama hakuna anayeihitaji katika kompyuta ile, iondolewe, na bodi itafufuka.

Mwisho wa yote, kwa namna zote tatu, ni mmoja. Unachagua jina la bodi, unachagua mlango, unafungua mfano uitwao Blink, unautuma. Taa ndogo yenye herufi L inawaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Badili 1000 kuwa 200 mahali pote pawili, utume tena. Taa ikianza kuwaka na kuzima upesi, umeshinda, maana sasa bodi inatii neno lako wewe.

Naam, huo ndio ukubwa wa kazi yenyewe. Wenzetu husema tofauti hizi ni udhia, ndiyo maana wanataka kompyuta za namna moja. Mimi nasema tofauti hizi ndizo somo. Aliyeweka programu katika Windows peke yake amejifunza kubonyeza palipoandikwa "endelea". Aliyeiweka katika Windows na Linux amejifunza draiva ni nini, mlango ni nini, na ruhusa ni nini, kwa sababu ameviona vikikosekana. Siku akitoka hapa atakutana na mashine ambayo hatukuwahi kuwa nayo, naye hatatishika.

Zaidi ya hayo, kompyuta za namna moja maana yake ni kutupa nyingine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Tukizifuata Windows tu, tutabaki na vyuma. Tukijua Linux, mashine hizo zitaishi. Hata iliyo kuukuu ya biti 32, ambayo toleo la 2 la Arduino IDE halikubali, hupokea toleo la 1.8.19 la mwaka 2021. Tena toleo hilo huja na vifaa vyote vya Uno ndani yake, hali toleo la 2 likifunguliwa mara ya kwanza huvichukua katika intaneti. Kwa shule inayonunua intaneti kwa kupima, hilo si jambo dogo. Flashi moja yaweza kuhudumia chumba kizima. Sikatai kwamba toleo la 2 lina mengi mazuri, na mwenye kompyuta ya kulibeba alitumie.

Yuko mwenzangu mmoja aliyesema katika mkutano kwamba muda hautoshi, mitihani imekaribia, na fundi mmoja hufanya kwa saa moja kile ambacho watu ishirini watakifanya kwa siku nzima. Ni kweli. Lakini Jumamosi moja ya watu ishirini kukosea na kusahihisha ni bei ndogo. Bei ya fundi mmoja tuliilipa mwaka jana, na waliolipa ni watoto wa kidato cha kwanza.

Basi natoa mashauri matatu. La kwanza, kila mwanachama mpya aweke programu kwa mkono wake, katika namna mbili za kompyuta, kabla hajashika bodi ya chama. Anayejua asimame nyuma yake, mikono mgongoni. Aseme, asiguse. La pili, pawe na daftari moja la chama, na liandikwe kwa Kiswahili. Twatoka nyumba za Kiganda, Kiacholi, Kiteso na Kilugbara, na hakuna anayeweza kusema daftari hilo ni la kwao peke yao. Atakayekutana na kosa jipya anakili maneno ya kosa kama yalivyo, na chini yake aandike dawa.

La tatu ni kwenu, ndugu zetu mliotutangulia. Msitupe kompyuta zenu kuukuu ofisini. Zileteni. Na mkizileta, tieni na nyaya nzuri za USB, maana ziko nyaya zinazopeleka umeme tu. Niliuziwa moja dukani. Taa ya bodi iliwaka vizuri, lakini kompyuta haikuiona kamwe. Na yeyote kati yenu apitaye Jumamosi, aingie akae nasi, aulizwe maswali.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliwanyima wageni wetu jembe mwaka mzima, nikalima peke yangu, na nilipougua shamba likalala. Muhula huu jembe liko mezani. Karibuni.

Mwanachama wa Chama cha Ufundi,
Kidato cha Tano