Deni la Hanford Halilipwi kwa Kufukia

Wako watakaotuuliza: gazeti la chama lina shauri gani na matangi yaliyofukiwa katika nchi ya Marekani? Twajibu kwamba lina shauri kubwa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomu ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa mikono ya Waafrika waliotawaliwa na Wabelgiji. Mawe yalitoka kwetu. Basi ni haki yetu kuuliza mwisho wake umekuwa nini.

Hanford iko katika jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Mwaka 1943 serikali ya Marekani iliwahamisha wakulima wa Hanford na White Bluffs, pamoja na wenyeji wa asili wa kabila la Wanapum, ikajenga hapo mitambo ya kufanyiza plutoniamu. Bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 lilikuwa na plutoniamu ya Hanford. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1987.

Ili kuipata plutoniamu, fito za urani zilizotoka katika tanuri ya atomu ziliyeyushwa kwa tindikali. Walipokwisha kutoa walichokitaka, masazo yalitiwa magadi makali yasile chuma, yakamiminwa katika matangi chini ya ardhi. Matangi hayo ni 177. Kati yake, 149 yana ganda moja tu la chuma. Yalijengwa kati ya mwaka 1943 na 1964, yakakusudiwa kudumu kadiri ya miaka 20. Humo mna galani zipatazo milioni 56 za maji, chumvi na tope lenye mionzi. Matangi 67 yamejulikana au yamedhaniwa kuwa yamevuja, na galani zikadiriwazo kuwa milioni 1 zimekwisha kunywewa na udongo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wa siku zile waliuona ufa wakasema watakuja wengine kuuziba. Hao wengine ndio wanaojenga ukuta leo, kwa mabilioni ya dola.

Wala tusidanganywe kwamba dawa haikujulikana. Wafaransa walianza kugeuza taka za namna hii kuwa kioo huko Marcoule mwaka 1978. Marekani yenyewe ilianza mwaka 1996, huko West Valley katika jimbo la New York na huko Savannah River katika South Carolina.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maji ya tangi huchujwa, na sesiamu, ambayo mionzi yake ni mikali mno, huondolewa. Yaliyobaki huchanganywa na madini ya kufanyia kioo, kama mchanga, na kutiwa katika tanuri yenye joto la nyuzi zipatazo 1,150 za sentigredi. Uji ule mwekundu humiminwa katika mapipa ya chuma kisichoshika kutu, ukaganda.

Kwa nini kioo? Mama zetu wanajua jibu. Ukiosha ushanga mwekundu mara mia, wekundu hautoki, kwa sababu rangi haikupakwa juu. Imo katika kioo chenyewe. Ndivyo taka zinavyofungwa. Mionzi haifi kwa kutiwa katika kioo, lakini maji ya mvua hayawezi kuzichukua taka upesi na kuzipeleka mtoni. Sesiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kwa miaka 30. Plutoniamu huchukua miaka 24,000. Hapana tangi la chuma litakalongoja hata hapo.

Basi tutazame mwendo wa kazi. Mapatano ya kuisafisha Hanford yalitiwa sahihi tarehe 15 Mei 1989. Ujenzi wa kiwanda cha kioo ulianza mwaka 2002. Kioo cha kwanza kutokana na taka za matangi kilipatikana Oktoba 2025. Ni miaka 36 tangu ahadi! Tena hiki ni kioo cha taka zenye mionzi hafifu. Mtambo wa taka kali umewekewa mwaka 2033 ndio uanze. Na kioo cha taka kali hakina kaburi: mlima wa Yucca, katika jimbo la Nevada, ulikubaliwa mwaka 2002, kisha kazi yake ikaachwa.

Sasa wako wanaosema kioo ni ghali, taka hafifu zichanganywe na saruji. Mapatano yaliyokamilishwa Januari 2025 yameruhusu saruji kwa taka hafifu za baadhi ya matangi, kwa sharti kwamba zikazikwe nje ya Hanford. Sisi hatuna ugomvi na saruji. Ikiwa vipimo vyaonyesha kwamba itazishika taka hizo, na matangi yatatoka mapema, basi itumike, maana tangi bovu halingojei mjadala. Lakini twakataa mambo mawili. Twakataa urahisi wa bei uwe ndiyo hoja ya kwanza. Na twakataa mzigo kutolewa mlangoni mwa huyu na kutuliwa mlangoni mwa yule asiyeulizwa.

Kabila la Yakama lilifanya mkataba na serikali ya Marekani mwaka 1855, likajiwekea haki ya kuvua samaki katika mahali pake pa desturi. Wao hawakuomba bomu. Haki yao ni kusikilizwa kabla ya amri kutoka, si kusomewa amri iliyokwisha kutoka.

Haya ndiyo tunayowaomba wanachama wayachukue katika matawi yao. Hesabu ya kazi haifungwi siku bidhaa inapotoka. Hufungwa siku taka zake zinapolala salama. Atakayekuja kutusifia utajiri wa urani, na tumwulize kwanza: masazo yatakwenda wapi, nani atayalinda, na fedha ya kuyalinda imewekwa wapi? Asipokuwa na jibu la maandishi, hana kazi ya kutuonyesha.

Taifa tajiri kuliko yote lilijibu swali hilo mwisho, nalo lingali likilipa. Sisi na tuliulize mwanzo.