Neno la Mhariri: Asilimia Isiyotaja Kipimo Chake

Ateri za karotidi, yaani mishipa mikubwa inayopanda pande mbili za shingo kupeleka damu kichwani, hupungua upana pale utando wa mafuta na chokaa unapojijenga ndani ya kuta zake, hasa mahali kila mshipa unapogawanyika; na utando huo ukipasuka, vipande vyake au damu iliyoganda juu yake huchukuliwa na mkondo hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Makala za toleo hili zinalinganisha njia za kuupiga picha ufinyu huo, na hoja inayozitangulia ni kwamba asilimia ya ufinyu isiyotaja namna ilivyopatikana haitoshi kuwa msingi wa kumpasua mgonjwa.

Asilimia hizo zilipata uzito kutokana na majaribio ya upasuaji. Katika jaribio la Amerika Kaskazini liitwalo NASCET, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1991, wagonjwa waliokwisha kuonyesha dalili na wenye ufinyu wa asilimia 70 hadi 99 walinufaika sana: kiharusi cha upande uleule ndani ya miaka 2 kiliwapata asilimia 9 ya waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 26 ya waliotibiwa kwa dawa pekee. Hata hivyo NASCET ililinganisha sehemu finyu kabisa na mshipa mzima ulio juu yake, ilhali jaribio la Ulaya, ECST, liliilinganisha na upana wa awali wa mahali palepale kwa kukadiria, na kwa sababu hiyo mshipa uliosomwa asilimia 50 kwa kanuni ya kwanza husomwa karibu asilimia 75 kwa kanuni ya pili.

Majaribio yote mawili yalitegemea angiografia, yaani picha ya eksirei inayopigwa baada ya dawa kuingizwa mshipani, njia iliyoanzishwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927 na ambayo hadi leo njia nyingine hupimwa kwayo. Lakini katika jaribio la ACAS la mwaka 1995, lililohusu watu wasio na dalili, asilimia 1.2 ya waliopimwa hivyo walipata kiharusi kutokana na kipimo chenyewe, na hatari ya namna hiyo haivumiliki kwa mtu aliyekuja akiwa mzima.

Ultrasaundi ya Dopla haina hatari hiyo, ila kwa sehemu kubwa husoma kasi ya damu, ambayo huongezeka inapopenya mahali pafinyu, na upana hukisiwa kutokana na kasi hiyo. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 2002 walikubaliana kuwa sentimita 125 kwa sekunde ziashirie ufinyu wa asilimia 50 au zaidi, na sentimita 230 ziashirie asilimia 70 au zaidi. Chokaa nyingi huziba mawimbi ya sauti, mkono wa mpimaji hubadilisha namba, na mtego mkubwa kuliko yote ni kwamba mshipa unaokaribia kuziba kabisa huweza kuonyesha kasi ndogo, ukadhaniwa kuwa na nafuu. Siti-skani nayo hukuza chokaa, na MRI isiyotumia dawa huongeza chumvi pale damu inapozunguka ovyo.

Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006 ulikuta MRI yenye dawa ikiongoza kwa ufinyu wa asilimia 70 hadi 99, ikibaini wagonjwa 94 katika kila 100, na ultrasaundi 89. Kwa ufinyu wa asilimia 50 hadi 69 njia zote zilidhoofika. Matokeo hayo hayaiondoi ultrasaundi mahali pa kwanza, kwa kuwa ndiyo mashine iliyo karibu zaidi na mgonjwa Afrika Mashariki, na kwa kuwa faida ya upasuaji hupungua haraka wiki 2 zikipita tangu dalili kutokea. Yanachodai ni jibu la ultrasaundi kuthibitishwa kwa njia ya pili isiyoingia mshipani. Wataalamu wa radiolojia wanaombwa kuandika, katika kila ripoti, mashine iliyotumika, kasi iliyosomwa na kanuni iliyofuatwa.