Shoti ya Dukani Si Deni la Kila Mfanyakazi



Huku Makindye tumekutana na wauzaji wa duka waliokatwa mshahara kwa sababu hesabu ya mwisho wa mwezi ilionyesha shoti. Hakuna aliyeulizwa. Hasara waligawiwa wote sawasawa, hata aliyekuwa likizo.

Sisi hatumtetei mwizi. Lakini mali hupungua kwa njia nyingi: gunia la sukari huvuja, panya hula, maziwa huharibika, na mzigo huletwa pungufu ukaandikwa kamili. Mfagiaji anahusikaje hapo?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa, kama vile kodi na ada ya chama. Haikumpa mwajiri ruhusa ya kukata apendavyo.

Nanyi wa mashamba ya chai mnalijua jambo hili: mizani ikipunja, mchumaji ndiye hulipa.

Tunadai mzigo uhesabiwe mlangoni mbele ya mfanyakazi, na pande zote mbili zitie sahihi. Anayetuhumiwa asikilizwe, mwakilishi wa chama akiwapo. Ukipewa karatasi ya deni, usitie sahihi. Ilete kwanza chamani.

Umoja ni nguvu.