Achague Moja kwa Nini?

Msanii wa kike anayejulikana kwa filamu akitoa wimbo, haipiti wiki kabla mtangazaji wa redio hajamkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Majuzi methali hiyo imetoka tena hewani, safari hii ikijifanya ushauri: dada achague, filamu au muziki. Mshauri mwenyewe asubuhi yuko redioni, mchana anatangaza sabuni, usiku ni MC harusini, na hakuna anayemwuliza kipi kimemponyoka. Tuyaache hayo. Kosa la methali hii, ikitumika hapa, ni kudhani kwamba kuimba na kuigiza ni kazi mbili.

Mtazame Barbra Streisand. Binti huyu wa Brooklyn, aliyezaliwa mwaka 1942, alitaka uigizaji; nafasi zilipokosekana akaanza kuimba vilabuni New York, na kila wimbo aliuigiza: ndani yake mna mtu mwenye haja yake na siri yake. Albamu yake ya kwanza, ya 1963, ilipata Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mwaka 1964 akapanda jukwaa la Broadway katika Funny Girl, na filamu ya mchezo huo, ya 1968, ikampa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, sare na Katharine Hepburn. Sasa mwenye methali atueleze: Oscar ile ilikuwa ya kuigiza au ya kuimba? Mhusika wake, Fanny Brice, ukimnyang'anya nyimbo habaki mtu wa kuigizwa. Wala muziki haukumponyoka, maana mwaka 1977 alipata Oscar nyingine kwa kutunga "Evergreen" pamoja na Paul Williams. Hata huku kwetu, mwimbaji wa taarabu akirusha kijembe uso umelala na mkono umekufa, nani atainuka kumtunza?

Watasema Streisand ni kipaji cha pekee, wengine wasijaribu. Hoja tamu! Kumbe kipaji hujulikana kabla ya kujaribiwa, labda kwa kupima damu. Watataja pia waigizaji wanaoimba vibaya. Wapo, tena tele. Lakini wapo na walioshika muziki peke yake miaka 20 na bado sauti inawaponyoka, nao hawaambiwi waache. Kinachokera si wingi wa kazi, ni nani amezishika. Orson Welles aliongoza Citizen Kane (1941), akaigiza na kushiriki kuiandika, akateuliwa kuwania Oscar kwa yote matatu. Streisand alipofanya Yentl mwaka 1983, akiiongoza, akiigiza, akiimba na kushiriki kuiandika, Golden Globe ilimpa tuzo ya mwongozaji bora, mwanamke wa kwanza kuipata. Wapiga kura wa Oscar hawakumteua hata kuwania uongozaji. Ila muziki wa filamu hiyohiyo waliupa Oscar. Masikio, kumbe, walikuwa nayo.