Rangi Nyekundu ya X Haishikilii Ukuta

Unalijua lile jumba. Kila town ndogo huku kwenye chai inalo. Orofa mbili zimesimama, ya tatu ni nondo tupu zinazoota kutu. Mwenyewe alifilisika, ama alifariki na watoto wanapigania urithi. Hapa Roret, mvua ya alasiri ikianza, wanafunzi na watu wa boda hukimbilia ndani ya jumba kama hilo. Mwaka jana kipande cha ukuta kilimwangukia kijana wa mama mboga ninayemjua. Akavunjika mguu. Watu wakapiga picha, wakaenda zao. Jumba liko pale pale.

Nilisomea ujenzi mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Nilichotoka nacho ni hiki: ukuta mbovu hausomi maandishi.

Kumbuka Huruma, Nairobi. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Si ati serikali haikujua. Jengo lilikuwa tayari limetajwa kuwa hatari na la kubomolewa. Lakini watu waliendelea kulala ndani, na kodi ikaendelea kulipwa.

Mwaka 2015 iliundwa idara ya kitaifa ya kukagua majengo. Kufikia 2018 ilikuwa imekagua karibu majengo 15,000, na zaidi ya 10,000 ikasema si salama. Sasa jiulize: mangapi yamebomolewa? Kupiga X ni kazi ya mkebe mmoja wa rangi. Kubomoa kunataka mashine, pesa, askari na moyo wa kupambana na landilodi anayekimbilia kortini. Tena kuna wapangaji. Ukiwaambia wahame leo na hawana pesa ya keja nyingine, watarudi usiku.

Kwa hivyo shida si kujua. Shida ni nani anamaliza kazi, na kwa pesa ya nani.

Kule Detroit, Marekani, watu walihama kwa maelfu, nyumba zikabaki mahame. Jiji liliunda shirika la kumiliki nyumba hizo, na kuanzia 2014 likapata pesa za serikali kuu kubomoa zaidi ya 10,000. Kiwanja kikibaki kitupu, jirani anaweza kukinunua kwa dola 100 apande mboga. Si kwamba kila kitu kilienda sawa huko, lakini angalau kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sisi je? Utashangaa, sheria tunayo tangu enzi za mkoloni. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inamkataza mtu yeyote kuacha kero inayohatarisha afya katika ardhi au jengo lake. Afisa wa afya ya umma anaweza kumpa mwenye jengo notisi ya kuondoa kero hiyo kwa muda maalum. Akikataa, anapelekwa kortini. Korti ikiamuru na bado akapuuza, kazi inaweza kufanywa na serikali kisha gharama adaiwe yeye. Na kama ni jengo linalojengwa bila kibali, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti nguvu ya kulisimamisha.

Usingoje kanjo waje wenyewe. Andika barua, wewe na majirani watano. Taja jengo liko wapi, ufa uko upande gani, nani huingia humo. Piga picha zenye tarehe. Peleka kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo (kwetu Bureti ofisi ziko Litein), nakala kwa chifu na MCA. Nakala yako igongwe muhuri. Muhuri huo ndio utawazuia kesho kusema hawakuambiwa. Na kama kuna watu wanaishi ndani, barua yenu iulize wataenda wapi.

Roret bado ni ndogo. Majumba mabovu yetu yanahesabika kwa vidole, Nairobi haina bahati hiyo. Sisi barua yetu tumeshaiandika, tumebakisha sahihi mbili. Jumatatu tunaipeleka Litein. Ya kwenu je?