Siku mbili bila watoto

Askari mmoja wa Uganda aliporejea kutoka Somalia, alipokewa nyumbani kwa shangwe. Hata hivyo, miezi miwili haijatimia, mazungumzo yake na mkewe yalikuwa ni karo, unga na homa za watoto tu.

Ndipo walipowapeleka watoto kwa bibi yao Iganga, pamoja na chakula na dawa, wakapakia baiskeli mbili juu ya basi la kwenda Jinja. Mama alisita mlangoni. Bibi akamwambia, "Nenda, mwanangu. Nilikulea wewe, hawa watanishinda?"

Jumamosi waliendesha polepole, aliye mzito akiwa mbele, wakapita maduka ya kale yaliyojengwa na Wahindi, wakateremka hadi chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1862, Mwingereza Speke aliyakuta hapo maporomoko ya Ripon. Leo hayaonekani, kwani bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyazamisha.

"Yangali huko chini," alisema mume, "yamefunikwa tu."

Mke akamtazama, kisha kwa mara ya kwanza akamwuliza aliyoyaona vitani. Naye akamweleza. Jua lilipopunga, walikokota baiskeli kupanda mlima wa kurudi mjini, wangali wakizungumza.

Jumapili jioni watoto waliwapokea kwa vifijo. Hawakuwa wamepungukiwa na kitu. Wazazi wanaposikilizana, wa kwanza kufaidi ni watoto.