Ziwa Linaanzia Chepkoilel

Mwaka 1994 mataifa ya visiwa vidogo yalikutana Barbados kuyatafutia maendeleo yao mwongozo, na hoja moja ikawa wazi: kisiwani huwezi kulitenga shamba na kisima, wala kisima na ufuo. Sisi wa Uasin Gishu tumeyaona hayo kuwa mambo ya watu wa pwani. Tumekosea. Mto Sosiani unashuka kutoka upande wa Kaptagat, unakatiza Eldoret, unaingia Kipkaren, kisha Nzoia, na Nzoia inamwaga maji yake Ziwa Victoria huko Budalangi. Kusini kidogo ya hapo kipo kisiwa cha Mageta, ambako maji ya ziwa ndiyo ya kuvua na ndiyo ya kupikia.

Mkulima atauliza, na ana haki ya kuuliza: mahindi yangu yanalisha nchi, kwa nini nimwachie mvuvi wa Mageta kipande cha shamba kando ya mto? Basi atazame mtaro wa barabara hapa Chepkoilel mvua za Aprili zinapoanza, mahindi yakiwa bado hayajafunika ardhi. Yale maji ya rangi ya matofali yamebeba udongo wake wa juu, pamoja na mbolea ya DAP aliyoinunua kwa bei inayouma. Ile fosfeti iliyokusudiwa mahindi huishia kunenepesha gugu maji. Kanuni za maji zinakataza kulima ukingo wa mto kwa angalau mita 6. Ukanda huo ukimea nyasi, hunasa tope, na nyasi zenyewe hukatiwa ng'ombe. Anayeulinda anaokoa mali yake kwanza, ya mvuvi baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni la mipaka: gavana wa Uasin Gishu hachaguliwi na watu wa Siaya, iliko Mageta. Ni kweli, ila Sheria ya Maji ya 2016 inafuata mabonde ya mito, si kaunti, na inavitambua vyama vya watumiaji maji. Kilichopungua ni siasa. Jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za ziwa ina kaunti 14. Nandi imo, Trans Nzoia imo, Uasin Gishu haimo. Nayo Chepkoilel ina Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye wataalamu wa udongo na wa samaki chini ya paa moja. Kaunti yetu iombe kiti katika jumuiya hiyo, iende na wataalamu hao, na iende kabla mvua za Aprili hazijarudi.